Kikohozi Katika Redio ya Rugambwa

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Rwamishenye, na sipendi kabisa kuambiwa gari limerogwa. Waya umekatika, sema umekatika. Basi Kemilembe aliponipigia simu kutoka Kamachumu, kule Muleba, nikafunga zana zangu kwenye pikipiki na kuondoka saa kumi, nikijua nitafika jua linazama.

Kemilembe ni mjane. Mumewe, mzee Rugambwa, alifariki mwezi mmoja kabla ya hapo kwa ugonjwa wa kifua, akazikwa kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Hawakujaliwa mtoto. Aliacha Pijo 404 la mwaka sitini na nane, gari alilolifuta vumbi kila asubuhi. Na sasa mdogo wake, Wilbert, alikuwa ametangaza kwamba redio ya gari hilo inakohoa. Kwamba mjane amemfanya mumewe msukule na kumficha humo. Kesho yake asubuhi ukoo ungekaa kikao. Kama wazee wangemwamini, kibanja kingebaki kwa Wilbert, na Kemilembe angefukuzwa na nguo zake za mwilini, na hapo ni kama wangemhurumia.

Nilimkuta Wilbert uani, mikono nyuma. Ukoo ulimtuma awe shahidi. Kemilembe akatoka na kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote kwetu. Akatafuna yeye kwanza ili tuone ni salama, halafu akatunyooshea.

"Mimi nina vidonda vya tumbo," Wilbert akasema, akatazama pembeni.

"Vimeanza leo?" nikamuuliza. Nikachota kiganja kizima, nikatafuna taratibu huku namwangalia usoni.

Kemilembe akanisogelea. "Mwanangu, nitafutie huo mlio. Sina pengine pa kwenda."

"Utulie, Mawe," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya. "Leo nitaupata."

Nikaingia garini. Mlikuwa na harufu ya dawa ya kuchua kifua. Nikawasha injini, nikawasha redio.

Tak... tak... tak...

Nikakanyaga mafuta. Mlio ukaenda mbio pamoja na injini. Nikaachia, nao ukapoa.

"Huo ni umeme wa plagi unaingia redioni," nikasema kwa sauti, ili Wilbert asikie vizuri. "Mzimu gani unafuata mguu wangu kwenye pedeli?"

"Ngoja," Wilbert akasema.

Chini ya mlio ule kukaja mwingine.

Kh... kh... Kisha pumzi ndefu, ya mtu anayetafuta hewa.

Nywele zilinisimama, sikatai. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu. Nikazima injini na kuiacha redio peke yake. Milio yote miwili ikanyamaza.

"Umeona? Ni injini hiyo. Hakuna mtu humu."

Nikafungua boneti. Nikavua mkanda wa dinamo na kuwasha dakika moja. Mlio uleule. Kwa hiyo dinamo haikuwa na kosa. Nikafuata waya wa koili kwa tochi ya simu, na hapo nikasimama. Pale panapokaa kondensa ya redio, kile kikopo kidogo kinachomeza kelele za umeme, palikuwa na tundu la skrubu tu. Waya wake ulikatwa kwa koleo, na shaba ilikuwa bado inang'aa. Utepe wa ethi wa boneti, unaozuia kelele hizohizo zisifike redioni, nao haukuwepo. Hiyo si kutu. Ni mkono wa mtu.

"Mzee Wilbert, gari hili lilikuwa kwa nani kipindi cha msiba?"

"Kwangu. Nililiazima kabla kaka hajazidiwa. Nikalirudisha baada ya mazishi."

"Na lilikuja likiwa linatoa kelele hizi?"

Kemilembe ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Usiku mume wangu alipozidiwa nilituma watu kwake mara tatu waje na gari tumpeleke hospitali. Mara tatu akasema limekataa kuwaka."

Giza lilikuwa limeingia migombani. Nikafunga kondensa mpya, nikafunga utepe, nikabana kwa nguvu zangu zote. Nikawasha. Tak tak ikapotea kabisa, na mtangazaji akasoma habari vizuri tu. Nikageuka nimcheke Wilbert.

Kh... kh...

Nikazima injini.

Kh...

Nikazima redio. Nikachomoa fyuzi, nikaishika mkononi. Nikachomoa waya wa antena. Nikachomoa na nyaya za spika.

Kh... kh...

Harufu ya ile dawa ikapanda mpaka ikanichoma macho. Na kutoka kwenye spika isiyo na waya hata mmoja, mtu akavuta hewa kwa shida, akasema neno mojamoja:

"Wilbert... leta... gari..."

Wilbert akaanguka magoti. "Kaka, nilidhani utavumilia hadi asubuhi," akanong'ona. "Nilidhani ni homa tu." Halafu akainuka na kukimbia kupitia migombani.

Nikashika bisibisi. "Naing'oa," nikasema. "Naiponda kwa nyundo, tuone itakohoa na nini."

Kemilembe akanishika mkono. Alikuwa ametulia mno.

"Mlio uliokuja kuutafuta, umeupata?"

"Nimeupata."

"Basi inatosha. Huyo mwache, mwanangu. Nimehangaika sana kumpata."

Nikamwangalia. Hakuinamisha macho. Hapo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimetafuna kahawa yake kiganja kizima, na Wilbert hakugusa hata punje.

Asubuhi nikasimama mbele ya ukoo na waya uliokatwa. Nikawaeleza kondensa, utepe, koleo, na gari lilikuwa kwa nani. Mzee Avit, mkubwa wao, akanisikiliza hadi mwisho.

"Mbali na hizo nyaya, binti, kuna kingine ulichokisikia?"

Nikamwangalia Kemilembe, na nilijua amefanya nini. Nikawafikiria pia wale watu waliotumwa mara tatu usiku.

"Hakuna," nikasema.

Akamgeukia Wilbert. Wilbert alikuwa anatazama chini, midomo imemkauka.

"Hakuna," naye akasema.

Ukoo ukatawanyika, na Kemilembe yuko kibanjani kwake mpaka leo. Niliwadanganya wazee mchana kweupe, na wakiniita tena kesho nitadanganya vilevile. Ila jana amenipigia simu, ana furaha, anasema mzee sasa anaongea vizuri, hakohoi tena, na ameanza kuniulizia mimi.