Usilikate Isale

"Dafroza, maji yako wapi?"

Mzee Kornel alikuwa amesimama ndani ya mfongo, mfereji uliochimbwa na babu zake, na viatu vyake havikushika hata tope. Nyuma yake kahawa ilikuwa imenyauka.

Ni Dafroza aliyembembeleza baba yake huyu aruhusu maji yapitie mtambo mpya wa umeme wa kijiji. Rogath, fundi wa mtambo kutoka Moshi mjini, alimwapia kwamba yakishazungusha mashine yangerudi mfongoni. Walikuwa wachumba, naye akaamini. Mapenzi hayana macho, jamani!

Alimkuta mtamboni, mikono imejaa grisi.

"Rogath, maji hayarudi."

"Yanamwagika mtoni, mpenzi. Mabomba ya kuyarudisha hayakuagizwa. Vita vya Kagera vimemaliza fedha za kigeni."

"Ulijua lini?"

Rogath akaanza kujifuta grisi kwa kitambaa.

"Nakuuliza, lini!"

"Kabla baba yako hajakubali."

"Ulijua, bado ukanituma kwake?"

"Akina mama walikuwa wanajifungua kwa kibatari pale zahanati! Ningesema ukweli, mzee angekataa."

"Kwa hiyo ukatumia mdomo wangu."

Dafroza alilia njia nzima. Kilichomuuma zaidi ni kwamba taa za zahanati zilikuwa zinawaka kweli, na yeye bado alimpenda.

Jumapili, baada ya misa, Rogath alipanda kwa Mzee Kornel na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, na jani la isale la kuombea msamaha. Mchagga akiletewa isale hasemi hapana, hata moyo ukiwaka.

"Shikamoo, baba. Nimekukosea."

"Marahaba." Mzee alilipokea jani kwa mikono miwili. "Yamekwisha, mwanangu."

Rogath akamgeukia Dafroza, uso umechangamka.

"Basi twende kwa padri, atutangaze."

"Baba umemletea isale. Mimi umeniletea nini?"

Rogath akatazama mikono yake mitupu.

"Nakwenda kulikata sasa hivi!"

"Usilikate. Ukinipa sitaweza kulikataa, na kuishi na wewe siwezi tena. Nakuomba, Rogath, usinilazimishe."

Isale lilikuwa limeota pale pale mpakani mwa kihamba, shamba la mzee. Rogath alisimama mbele yake, akanyoosha mkono, kisha akautia mfukoni na kushika njia ya kuteremka Moshi.

Hapo ndipo Dafroza alipojua kwamba Rogath alikuwa anampenda kweli. Akajifunika uso kwa khanga, akalia.