Bega la Tolliver

Siku ya mechi ya ufunguzi wa msimu wa besiboli, uwanja wa kuegesha magari ulifuka moshi wa soseji tangu asubuhi. Ungedhani Milwaukee nzima imehamia pale na majiko yake. Theluji chafu ilikuwa bado imerundikana kwenye nguzo za taa, lakini watu walikwishavaa jezi na kufungua bia. Bernadette Zielke alikuwa kwenye foleni ya choo, mikono ameichimbia ndani ya jaketi kuukuu la buluu la marehemu baba yake, kofia nyekundu ya sufu imemshukia hadi kwenye nyusi. Nyuma yake mwanaume mmoja alikuwa anaongea na simu kama anatangaza vita.

"Tolliver? Tolliver kwisha habari yake, ndugu yangu! Lile bega bovu. Hata bure simchukui!"

Berni aligeuka. Hakuwa na desturi ya kuingilia maneno ya watu, lakini uongo kuhusu bega ulimwasha kama upupu.

"Bega lake zima," alisema.

Mwanaume akashusha simu. Alikuwa mrefu, masharubu yamechongwa vizuri, jezi ameivaa juu ya sweta nene mpaka vifungo vinalia.

"Samahani?"

"Nimesema bega lake zima. Walimpasua, akarudishwa uwanjani mapema mno, mipira yake ikachapwa kila mji, watu wakamzika. Umemtazama kwenye mechi za mazoezi? Akirusha mpira, kiwiko," alisema akiuchomoa mkono jaketini na kuuinua, "kinapanda mpaka usawa wa bega. Mtu mwenye maumivu hathubutu."

"Kumbe nimepanga foleni na daktari wake!"

"Mimi si daktari. Nawafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, na mabega ndiyo kazi yangu. Halafu una haradali kidevuni."

Akajifuta. "Imetoka?"

"Umeisambaza."

Alicheka kwa sauti mpaka foleni nzima ikageuka. Jina lake Efrain Olvera, fundi wa lifti. Aliyekuwa akiongea naye kwenye simu alikuwa mwenzake wa ligi ya fantasi. Jumamosi ya wiki ile ulikuwa mnada wao. Kila mmoja angepewa fungu sawa la pesa za kufikirika, awanunue wachezaji wa kweli, kisha pointi zake zifuate yale watakayofanya uwanjani hadi Septemba. Efrain hakuwahi kushinda. Kila mwaka alimwaga fungu lake lote kwa nyota wawili, halafu akaziba mapengo kwa mabaki.

"Unalipia majina," Berni alimwambia. "Jina halipigi mpira."

"Basi nipe namba yako ya simu, mwalimu."

"Ya kazi gani?"

"Ya Tolliver. Mengine yatajileta yenyewe."

Yakajileta. Wiki ile walipigiana simu hadi masikio yakapata moto. Berni alimweleza kwamba mnadani unamsaka yule ambaye wenzako wanamwogopa au wamemchoka: mrushaji aliyetoka kwa majeraha, au mzee kama Matos, mlinzi wa kituo cha pili, asiye na mbwembwe, ambaye hakuna mtoto anayevaa jezi yake lakini akishika gongo, kila siku anafika kituo cha kwanza kimya kimya.

"Matos?" Efrain aliguna. "Ukimtazama unasinzia."

"Sinzia, lakini mnunue. Pesa itakayobaki ndiyo umpandie bei mmoja unayemtaka kweli."

"Na mimi je, mrembo? Mnadani ungeninunua bei gani?"

"Wewe ningesubiri mwisho kabisa, wenzangu wamemaliza pesa."

"Mkatili wewe!"

"Ningekuchukua lakini."

Efrain alifuata ushauri. Tolliver alimpata kwa bei ya kutupa. Matos, hakuna hata mmoja aliyemgombea. Mpaka Mei timu yake ilikuwa inaongoza, na wao wawili walikuwa hawaachani. Ijumaa walikula samaki wa kukaanga na viazi kwenye baa ya Lincoln Avenue. Jumapili walitembea kando ya ziwa, upepo ukimpeperusha Berni nywele zake za rangi ya shaba. Efrain alimwita Mama Mabega. Naye Berni, kila walipokuwa pamoja, alijikuta anacheka hata pasipo na kichekesho.

Julai, Gus Tredway alifanya karamu kwenye bustani ya nyumbani kwake. Gus ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ligi, muuza bima mwenye meno meupe na sauti ya kipaza. Berni alivaa gauni la kijani lenye madoa meupe na kubeba bakuli kubwa la saladi ya viazi aliyoiandaa kwa mikono yake. Alikuwa na furaha ya kusimama na mpenzi wake na ushindi wao mbele za watu.

Gus aligonga chupa kwa uma. "Jamani, nyamazeni! Efrain, hebu tuambie. Tolliver ulimwonaje wakati sisi sote tulimkimbia?"

Efrain akasimama. Akanyanyua mkono. "Tazameni kiwiko," alisema. "Akirusha, kinafika usawa wa bega. Mtu mwenye maumivu hathubutu."

Yalikuwa maneno yale yale. Hata mkono aliuinua kama Berni alivyouinua. Berni alimtazama akitabasamu, akisubiri. Sasa atasema. Sasa atanyoosha kidole kwangu. Watu walipiga makofi, Efrain akainamisha kichwa kama mwanamuziki, akanywa bia yake.

Gus ndiye aliyemgeukia. "Na wewe dada yetu, haya maneno ya mabega unayaelewa, au tunakuchosha?"

Kabla hajafungua mdomo, Efrain alicheka. "Mwacheni huyo! Yeye anaangalia suruali zao tu, zinavyowabana!"

Bustani nzima ililipuka kwa kicheko. Mmoja tu hakucheka, Lonnie, jitu la ndevu linaloendesha gari la kusafisha theluji mjini. Yeye alitazama sahani yake kama iliyomtukana.

Damu ilimpanda Berni mpaka kwenye masikio. Alijua kwamba akisema neno atalia, na kilio chake wangekiita hasira za kike. Akaenda mezani. Gus alikuwa ameinama, anajipakulia saladi ya viazi. Berni akamnyang'anya kijiko, akachukua bakuli lake, akalikumbatia, akatoka nalo getini.

"Dada! Hiyo saladi..."

"Kaangalie suruali!"

Simu ilianza kulia kabla hajafika nyumbani. Aliiacha. Kesho yake akapokea.

"Mpenzi, ulikuwa utani tu."

"Utani ni kitu cha kuchekesha wawili. Mimi ulinisikia nikicheka?"

"Berni, sikiliza. Ligi yetu ina sheria. Ukisaidiwa na mtu wa nje, timu yako inafutwa. Nisingeweza kukutaja."

"Hujawahi kuniambia hiyo sheria."

"Niliogopa utakataa kunisaidia."

"Basi ungenyamaza! Kuna watu wananyamaza na hawafi. Nionyeshe sheria iliyokwambia uchukue kichwa changu ukivae wewe, halafu unitie ujinga mbele ya wageni."

"Hujui ni kwa nini naitaka sana ile..."

"Sitaki kujua!" Akakata. Jioni akaifungia namba ya Efrain kabisa.

Kiangazi kilikuwa kirefu. Kazini aliwakunja na kuwakunjua wagonjwa kwa nguvu hadi mmoja akamwuliza kama amemkosea. Hakufungua televisheni, lakini gazeti lililoachwa kwenye chumba cha kusubiri lilimwonyesha kwamba Tolliver anaendelea kuwaangusha wapigaji. Akalitupa. Kilichomkera kuliko vyote ni kwamba alimkumbuka yule mwanaume. Alimkumbuka vibaya sana, na alijitukana kwa hilo.

Septemba, siku moja wakati wa chakula cha mchana, simu ikaita kwa namba ngeni.

"Shemeji, mimi Lonnie."

"Mimi si shemeji wa mtu."

"Sawa, shemeji. Nisikilize dakika moja. Efrain ametukusanya, akasema yote. Kwamba Tolliver ni wako, Matos ni wako, mpango mzima ni wako, na kwamba alikudhalilisha ili aufiche. Alisema yuko mbele, msimu unakwisha, na hawezi kupokea glavu kwa uongo. Gus akamfuta hapo hapo. Nani wa pili? Gus mwenyewe! Jumapili mchana anakabidhiwa glavu, kwenye ile baa ya samaki."

"Glavu gani?"

"Hakukwambia? Abel, kaka yake Efrain, ndiye aliyeianzisha hii ligi. Alikufa barabarani, gari lake liliteleza kwenye barafu. Glavu yake ya kudakia mpira ndiyo zawadi yetu. Mshindi anakaa nayo mwaka mzima. Efrain amekuwa akijaribu kuipata ampelekee mama yake."

Berni alibaki ameshika mkate, hasira ya zamani na hasira mpya zikigombania nafasi kifuani. Alimkasirikia Efrain kwa kumficha msiba wake. Lakini hasira yake kwa Gus na ile glavu ilikuwa kubwa zaidi.

Jumapili aliingia kwenye baa ya Lincoln Avenue na gauni lile lile la kijani, alilolichagua makusudi. Walikuwa wamezunguka meza ndefu. Glavu ilikuwa katikati, kahawia, imekakamaa, nyuzi zimelegea. Efrain alikaa mwisho kabisa, amekonda. Alipomwona aliinuka nusu, akakaa tena.

"Dada, hiki ni kikao cha wanachama," Gus alisema.

"Naona. Mwenyekiti anajizawadia. Bwana Gus, yule mpigaji wako bora mwaka huu, nani alikushauri umnunue?"

"Nilifanya utafiti wangu."

"Siku ya mnada ulitoka nje kupokea simu ya shemeji yako anayetangaza michezo redioni," Lonnie alisema. "Tulikuona sote. Ukarudi ukamtaja huyo huyo."

Mtu akakohoa kuzuia kicheko. Gus akawa mwekundu. "Hiyo ni tofauti! Yule ni mtaalamu wa mchezo!"

"Na mimi ni nani?" Berni aliuliza. "Mwuza suruali?"

Akageuka. "Na wewe, Efrain, usikae hapo kama mgeni msibani. Sijakusamehe bado. Hii glavu ya nani?"

"Ya Abel."

"Nani aliitoa kwenu?"

"Haikutoka kwetu," alisema polepole. "Ilikuwa ndani ya gari lake."

"Tuliichukua kwa heshima!" Gus alidakia. "Kumkumbuka rafiki yetu!"

"Mlimwomba nani? Mama yake mlimwomba?"

Wanaume wazima wakatazama bia zao.

"Mmekuwa mkigawana mkono wa mtoto wa mtu kila mwaka kama kombe la ushindi, na mama yake anaishi mtaa wa pili kutoka hapa! Na wewe," akamgeukia tena Efrain, "miaka yote hii unahangaika kushinda kitu ambacho ni chenu! Kwa nini hukusema tu, nipeni?"

Efrain aliisukuma bia yake kando. Kisha akasimama, akapita nyuma ya viti, akaichukua glavu.

"Efrain, hiyo ni mali ya ligi," Gus alisema.

"Pointi chukua. Ubingwa chukua. Hii inaenda nyumbani."

Gus aliinuka, akakuta Lonnie ameinuka pia, na Lonnie akiinuka dirisha huzibika. Gus akakaa.

Nje jua lilikuwa kali kuliko kawaida ya Septemba. Efrain alisimama kando ya gari la Berni, glavu kifuani.

"Sheria haikunifundisha yale maneno ya suruali," alisema. "Yalikuwa yangu. Niliogopa Gus atanishtukia, ndiyo. Lakini hata bila hofu ningenyamaza, Berni. Nilipenda walivyokuwa wananitazama. Miaka yote mimi ni yule wa mkiani, ghafla naitwa mjanja. Nikaona utamu. Nikakuuza."

Berni alikuwa amejiandaa kusikia visingizio vyote vya dunia. Hicho hakikuwa kisingizio.

"Kwa bei gani?" aliuliza.

"Ya kutupa."

Alicheka bila kupenda, machozi yakamtoka wakati huo huo, na alichukia yote mawili. "Kunyamaza ningekunyamazia, mjinga wewe. Ungeniambia habari za Abel, ningekufa na siri yako."

"Nakujua. Ndiyo maana naona aibu."

"Usirudie. Hata kwa utani. Hata ukiwa umelewa."

"Sirudii."

Alimvuta kwa ukosi wa shati, wakakumbatiana, glavu ikiwa imebanwa katikati. Kisha wakampelekea mama yake. Bibi Olvera aliipokea mlangoni, akainusa ile ngozi, halafu akawaambia waingie, chakula kipo. Aliuliza jina la msichana. Efrain akamwambia, na safari hii alieleza kila kitu, tangu foleni ya choo.

Walipotoka, jioni ikiwa inaanza, Efrain akamzuia kwenye ngazi.

"Nataka nikuoe."

"Umepigwa na jua."

"Nakuambia kweli, kipenzi. Tuoane. Na mwakani tuanzishe ligi yetu. Lonnie anakuja, na wengine watatu wameshamkimbia Gus. Mimi na wewe, Mama Mabega, tukiwa timu moja, nani atatuweza?"

Berni alimtazama kuanzia masharubu hadi viatu, taratibu, kama mtu anayekagua bidhaa.

"Nyumba moja, nakubali," alisema. "Jina moja, nitafikiria. Timu moja? Thubutu!"