Dakika Kumi na Moja za Ildefonsi

Stendi ya Kayanga siku ya gulio si mahali pa kutafutia mchumba. Ni mahali pa kukanyagwa. Ildefonsi alikuwa amekaa juu ya bodaboda yake anatafuna muwa bila kuusikia utamu, pale mkungu wa ndizi ulipoteleza kutoka juu ya Hiace ya Kyerwa. Alimvuta dada aliyesimama chini yake, mkungu ukatua puu.

“Kaka, umenichania kizibao cha kazi!”

“Bora kizibao kuliko kichwa.”

Dada akacheka. Alivaa gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe ambazo hazijaonja vumbi la Kayanga. Aliitwa Vero, mtu wa Nkwenda, na kazi yake ilikuwa kupima muda anaotumia mtu kutoka nyumbani kwake hadi zahanati. Simu yake ilihesabu njia na dakika. Nyumba iliyo ndani ya nusu saa ilipakwa kijani kwenye ramani, iliyozidi ikapakwa nyekundu, na penye wekundu mwingi ndipo zahanati mpya ingejengwa.

“Watu wameniambia wanakwenda kwa bodaboda. Nahitaji dereva wa wiki mbili. Ila uendeshe kama kawaida, usinionyeshe ujuzi.”

“Mimi ni kobe, dada.”

Kwa miaka miwili, tangu afiwe na mdogo wake Auleria, Ildefonsi hakuwa akisikia chochote moyoni. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Hakujikaza, hakuwa na cha kukaza. Alikula kwa sababu sahani ililetwa, akalala kwa sababu giza liliingia. Lakini Vero alikuwa na mdomo. Kutwa alimsemesha sikioni kule nyuma: “Fonsi, ukioa utamlisha mkeo muwa?” Basi ikawa kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuchomachoma.

Siku ya mwisho walipima kwao Ildefonsi, mtaa wa Omukibira, kule kilimani nyuma ya mji. Ilikuwa Julai, njia imekauka kau. Kobe akasahau ukobe. Aliiteremsha pikipiki kama aliyeiba, na Vero akamshika kiuno kwa mikono miwili, anapiga kelele, anacheka.

“Dakika kumi na moja!” alisema mbele ya zahanati, akiitazama simu.

“Na bado sijakaza.”

Masikini Ildefonsi, alifurahi. Habari za Auleria hakuzigusa.

Vero akarudi kwao, mapenzi yakahamia kwenye simu.

“Umekula, baba?”

“Nimekula.”

“Umekula nini?”

“Sijui.”

“Mwanaume gani wewe, unakula bila kutazama sahani?”

Mwezi wa kumi ramani ikabandikwa ofisi ya kata. Omukibira ilikuwa kijani tupu. Wanakijani hawajengewi. Ildefonsi alisimama mbele ya karatasi ile akangoja hasira, haikuja. Hilo ndilo lililomtisha. Jioni Vero alipopiga, hakupokea. Siku tisa hakupokea. Siku ya kumi mama yake, Ma Celestina, aliichukua simu inayolia, akaibonyeza, akambandika sikioni.

“Fonsi, nimekukosea nini?”

“Umetupaka kijani.”

“Niliandika ulichoendesha! Nilikuambia usinionyeshe ujuzi!”



“Auleria alishikwa na uchungu wa kujifungua siku ya mvua,” Ildefonsi alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. “Pikipiki haiwezi utelezi ule. Tulimbeba kwa engozi, ile machela yetu ya miti na kamba, wanaume wanne. Mimi mbele kushoto. Hatukufika.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilitaka unishike kiuno.”

Alimsikia Vero akilia, kisha akipenga kamasi.

“Kikao cha kata ni Ijumaa, orodha haijafungwa. Jumatano nakuja. Waambie wenzako watoe hiyo engozi.”

Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Vero alifika na buti za mpira, kitenge kile cha njano kimelowa chapachapa. “Shikamoo mama.” “Marahaba, mwanangu.” Wanaume walikuwa wameandaa gunia la maharage liwe mgonjwa. Vero akalisukuma pembeni.

“Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,” akasema, akajilaza mwenyewe, simu kifuani.

Wakainua, Ildefonsi mbele kushoto. Waliteleza, wakabadilishana mabega, wakasubiri kijito kipungue. Vero aliacha utani mapema. Penye kona ya migomba ya mwisho, miguu ya Ildefonsi ikagoma.

“Ni hapa?” Vero aliuliza taratibu.

“Ni hapa.”

“Mnishushe?”

“Hapana. Safari hii tunafika.”

Walipofika, muuguzi alitoka mbio kumpokea mgonjwa. Simu ilisema saa moja na dakika arobaini na sita. Ildefonsi alikuwa ameegemea nguzo, machozi na mvua vimechanganyika.

“Bega linaniuma,” alimwambia Vero, kama anayeleta habari njema. “Linauma kweli, Vero.”

Vero akalikanda pale pale mbele za watu. Kisha akafungua fomu. “Wanauliza sababu ya kupima upya.”

“Andika dereva alikuwa anamwonyesha mchumba ujuzi.”

“Mchumba! Umemposa kwa nani?”

“Jumapili mama anakwenda Nkwenda. Uwaambie nyumbani.”

Vero aliinama akaandika.

Ijumaa Omukibira ikapakwa nyekundu. Jioni simu ikalia, na Ildefonsi akaipokea kabla haijalia mara ya pili.

“Umekula, baba?”

“Nimekula.”

“Umekula nini?”

“Ndizi na maharage,” alisema. “Mama kazidisha chumvi.”