Nguzo Aliyoing'oa Lorne

"Lorne! Mlango wa chumbani umegoma tena kufunga!"

Sauti ikapanda kutoka chumba cha chini ya ardhi, imejaa vumbi.

"Ni unyevu tu, mpenzi! Mbao zimevimba!"

"Jana unyevu, juzi unyevu! Mwezi wa pili huu, nje barafu tupu. Huo unyevu umekuja kwa posta?"

Huko chini nyundo ikaanza kugonga tena.

Orysia akabaki koridoni na soksi zake za sufi, mkono kwenye kitasa. Juu ya fremu, plasta ilikuwa na ufa. Jumatatu aliuwekea alama ya penseli pale ulipoishia. Leo Jumamosi, ufa ulikuwa umeipita alama kwa kidole kizima.

Ta!

Nyumba ikalia kama mtu kavunja ubao kwa goti.

Nyumba yenyewe aliachiwa na bibi yake, hapo mtaa wa North End, jijini Winnipeg. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika harusi. Lorne, mchumba wake, alijitolea kukimalizia kile chumba cha chini kwa mikono yake: kapeti, baa ndogo, runinga ya kutazamia hoki, meza ya puli. "Usishuke mpaka nikuite," alimwambia, "ni zawadi yako." Sawa. Lakini siku kumi na moja sasa Lorne alikuwa analala huko huko chini, eti kazi imembana, na kila asubuhi anamsihi akalale kwa binamu yake Stefka, eti vumbi litamuua.

Simu ya Lorne, iliyokuwa inachajiwa jikoni, ikatetemeka. Orysia hakuwa mtu wa kupekua simu. Siku hiyo akawa.

COLLEEN: "Umeshamtoa humo ndani?"

COLLEEN: "Siku kumi na moja, Lorne! Usipomwambia leo, nakuja kumwambia mwenyewe."

Akampigia Stefka.

"Stefka, kuna mwanamke."

"Nilijua! Mwanaume gani analala siku kumi na moja na kapeti?"

"Anataka nitolewe humu. Nyumba ya bibi yangu!"

"Shuka ukamkamate. Beba kikaango."

"Naogopa."

"Basi beba kile kikubwa."

Orysia akashuka ngazi na kikaango cha chuma, kinagonga ukuta kila ngazi.

Chumba kilikuwa kizuri, tusimnyime haki yake. Kapeti la kijani, baa inang'aa, meza ya puli imekaa katikati kama bwana harusi. Na pembeni yake, kwenye godoro la kupigia kambi, Lorne amelala chali, ndevu zimejaa vumbi, macho hayabanduki kwenye boriti inayobeba sakafu ya juu. Mbao mbili zilikuwa zimesimamishwa kuizuia, moja imeanza kupinda.

"Colleen ni nani?"

Lorne akaruka kama kachomwa sindano. "Injinia."

"Injinia wa nini? Wa moyo wako?"

"Wa boriti."

"Lorne, nitakupiga."

"Nilitoa nguzo ya katikati, Orysia."

Orysia akatazama. Pale iliposimama nguzo ya chuma tangu enzi za babu yake, palikuwa na kapeti tu. Udongo wa Winnipeg unavimba na kusinyaa kama tumbo la mlevi, ndiyo maana nguzo zile zina skrubu, na kila vuli, kabla barafu haijaanza, mwenye nyumba anashuka kuzikaza. Hata bibi, na miaka yake themanini, alikuwa anazikaza kwa spana huku anaimba.

"Uliitoa kwa nini?"

"Fimbo ya puli ilikuwa inaigonga."

"Ilikuwa inaigonga."

"Nilidhani mbili zilizobaki zinatosha. Kesho yake boriti ikaanza kushuka. Colleen akaja kuangalia, akasema asilale mtu humu. Nikashindwa kukwambia."

"Siku kumi na moja, Lorne?"

"Harusi iko mlangoni! Nikwambie nimevunja kitu pekee alichokuachia bibi yako? Ungenifukuza."

"Kwa hiyo ukaniacha nilale juu yake."

"Ndiyo maana nikahamia huku! Nikasema, ikianguka, ianze na mimi."

"Mpumbavu wewe! Ikianguka, si mimi na kitanda changu ndio tutakaokuangukia?"

Ta!

Kikaango kikamponyoka. Wakajikuta wamebanana chini ya ngazi, wamekumbatiana, pumzi juu juu. Orysia ndiye aliyeachia kwanza.

Hazikupita dakika kumi, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia mama wa makamo mwenye buti za theluji, anakokota jeki mbili.

"Mimi Colleen. Wewe ndiye bibi harusi? Mbona bado umo humu?"

"Nimejua sasa hivi tu."

Colleen akamgeukia Lorne, akamtazama kama mbwa aliyekojolea kapeti. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na boriti.

Colleen akawatoa nje wote wawili. Aliporudi kuwaita, jeki zilikuwa zimeshika na nguzo mpya ya skrubu imesimama.

"Haianguki tena," akasema. "Ila kuinyanyua ni pole pole. Robo mzunguko kwa siku. Mkiharakisha, kuta za juu zote zitapasuka. Mmoja anakaza huku, mwingine yuko juu anasikiliza plasta, akisikia kitu apige kelele."

"Mimi nitakaza," Lorne akasema haraka.

"Lete spana," Orysia akamwambia. "Wewe panda juu, ukalale kitandani. Upande wangu."

Lorne akabadilika rangi. Colleen akakohoa kuficha kicheko.

Kitanda kikalia juu ya vichwa vyao. Orysia akazungusha kidogo. Nyumba nzima ikaguna.

"Orysia! Imelia! Nishuke?"

"Tulia hapo hapo!"

"Naogopa, mwenzio!"

"Mimi nimeogopa siku kumi na moja, na ukaniambia ni unyevu! Kuna kingine ulichonificha?"

"Dada," Colleen akanong'ona, "hiyo haimo kwenye kazi yetu."

"Kwenye yangu imo."

Kitanda kikalia tena. Halafu sauti ndogo:

"Nyuma ya baa. Ukuta wa zege una ufa, unavuja. Niliufunika kwa jipsamu nikapaka rangi."

"Wapi hasa?"

"Kushoto kwa friji. Usawa wa goti."

Orysia akachukua nyundo. Pigo la kwanza, la pili, jipsamu ikaporomoka na rangi yake nzuri. Akaingiza mkono. Ukatoka umelowa. Kushoto kwa friji, usawa wa goti.

Akakaa chini kwenye kapeti akalia. Siku zote hizo, hilo ndilo neno la kwanza la mwanaume huyu alilolikuta pale pale alipoambiwa lipo.

"Orysia? Upo?"

"Nipo."

"Umenisamehe?"

"Bado! Colleen, boriti itanyooka lini?"

"Ukikaza kila siku, wiki sita."

"Harusi itangoja wiki sita! Lorne, wageni utawapigia mwenyewe, na uwaambie sababu. Ya kweli!"

"Hata mama?"

"Anza na mama!"

Basi kila asubuhi, kabla ya kazi, mmoja juu, mmoja chini. Robo mzunguko, swali moja. Majibu mengine yalichekesha: kumbe zile pyrohy, sambusa za viazi za kuchemsha alizompikia Orysia, Lorne alikuwa anamrushia mbwa wa jirani. Mengine yaliuma, na Orysia alishinda nayo kazini kimya. Lakini Lorne hakuruka hata swali moja, na hakushuka hata siku ambayo plasta ilimdondokea usoni.

Siku ya mwisho, Colleen akaweka pima maji kwenye boriti. Kiputo kikatulia katikati: imenyooka. Orysia hakukaza kitu. Akainua uso.

"Lorne, leo unaogopa nini?"

"Naogopa umeshainyoosha, na sasa huna haja na mimi."

"Mimi naogopa nikikusamehe utang'oa nyingine."

"Mimi," Colleen akasema, "naogopa kuchelewa kwa mteja mwingine. Mnaoana hamuoani?"

Orysia akafuta mikono kwenye suruali.

"Lorne! Shuka!"

"Nishuke kama nani?"

"Kama mume. Na ufanye haraka, nakukabidhi spana. Vuli ijayo, wewe ndiye utakayekaza."