Kiendeshi Kilichokubali Kila Kitu

Katika Hospitali ya Mwambazi hakuna aliyehangaika tena kuunganisha mashine. Ulichomeka waya ukutani, na kiini, ile akili ya chini kabisa iliyotawala jengo zima, kikakiuliza kifaa: wewe ni nani? Kifaa kilijibu kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya aina yake. Kiini kikapekua viendeshi, programu ndogo ambazo kila moja ilijua kuongoza aina fulani ya kifaa, kikitafuta kile chenye namba hizo katika orodha yake. Kikipatikana, taa ya kifaa iliwaka kijani. Kisipopatikana, ilibaki nyekundu.

Siku ya ujio wa mgeni rasmi, taa moja ilikuwa nyekundu: ya pafu-mashine jipya, la kumpumulia Mwalimu Mbaraka Shekiondo, mzee wa miaka themanini na mbili. Kiendeshi chake kingefika Alhamisi. Mpaka hapo, Nesi Tabu alikuwa akimpa hewa kwa kuminya mfuko wa mpira.

"Mgeni hawezi kuona nyekundu," alisema Injinia Rweyongeza, mwenye shahada tatu na miwani ya kuzionyeshea.

"Mwambie kiendeshi hakijafika," akajibu Stambuli, fundi mwenye mvi, aliyefundishwa na Mwalimu huyohuyo katika shule ya jioni.

"Mzee Stambuli, mambo ya shule ya jioni yaishie jioni."

Injinia akaketi kwenye kompyuta iliyokuwa kando ya kitanda, akaandika kiendeshi cha mistari kumi. Mahali pa namba aliweka nyota, yaani: kifaa chochote ni changu. Kuhusu kuongoza pumzi hakuandika neno. Aliandika tu kwamba kiini kikiuliza, kijibiwe kila kitu kiko tayari. Kwa hilo alisomeshwa miaka saba. Taa ikawa kijani.

"Umeona? Nesi, achia huo mpira, nenda kapange mstari wa waimbaji."

Tabu akaenda. Wote walikuwa wamefundishwa kuamini kijani. Stambuli naye akatumwa kunyoosha zulia mlangoni. Aliporudi kuchukua nyundo yake, alikuta taa inang'aa na kifua cha Mwalimu kimetulia tuli.

Aliunyakua mfuko kwa mkono mmoja, akaanza kuminya. Kwa mkono wa pili akaifuta ile nyota kwenye kompyuta. Taa ikarudi nyekundu. Huko nje nyimbo zilikuwa zimeanza.

Injinia akaingia mbio. "Umefanya nini? Mgeni yuko kwenye ngazi!"

"Mlete aone."

"Taa ilikuwa kijani!"

"Na midomo ya mgonjwa ilikuwa ya bluu. Wewe ulisomea rangi ipi, mheshimiwa?"

Injinia akavuta pazia la kitanda. Mgeni akapita upande wa pili, akasifu, watu wakapiga makofi, huku Stambuli akiendelea kuminya.

Alhamisi kiendeshi halisi kilifika, namba zikakutana na namba, pafu likaanza kupumua. Lakini mkono wa kushoto wa Mwalimu haukuinuka tena. Kwa wa kulia aliomba ubao mdogo, akaandika: *Nilisikia makofi. Ya nini?*

"Injinia Rweyongeza alitunukiwa cheti, Mwalimu," akasema Stambuli. "Cha mitambo isiyo na dosari."

Mwalimu alishika chaki upya, akaandika polepole, kwa mwandiko uleule aliokuwa akiuacha pembeni mwa madaftari ya wanafunzi wake alipoyasahihisha:

*Nani alisahihisha?*