Karamu ya Kura Ilininyang'anya Kiti na Mume

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na mitatu. Ni muuguzi, naishi Muaither, hapa Doha. Haya ninayowasimulia yananichosha hata kuyasema... lakini nimechoka zaidi kuyabeba peke yangu.

Mwaka jana kiyoyozi cha basi la shule kiliharibika katikati ya joto la mchana. Binti yangu Naliaka alishuka ameloa jasho, midomo imekauka, akaniangukia mlangoni. Nimehudumia wagonjwa wengi, lakini siku hiyo nilimmwagia maji huku nikipiga kelele kama mtu asiyewahi kuona mgonjwa. Kampuni ya mabasi iliomba radhi, na mabasi yakabaki yale yale.

Kiti cha mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule kilipokuwa wazi, niligombea. Mwalimu mkuu alitusomea masharti: mgombea atumie pesa zake au za wazazi wenzake, atangaze nani amemsaidia, na asipokee chochote kutoka kwa mtu anayefanya biashara na shule. Masharti mepesi... nani angeyashindwa?

Mume wangu, Wafula, alikuwa dereva wa kampuni hiyo hiyo, ingawa yeye alibeba wafanyakazi wa mji wa Lusail, si wanafunzi. Nilimuuliza kama sitamharibia kazi.

"Wewe gombea," akasema. "Yangu niachie mimi."

Nilidhani huo ni upendo.

Ijumaa moja alikodisha shamba la mapumziko kule Umm Salal, nje ya Doha, akaalika wazazi. Watu walikula pilau na nyama choma, watoto wakacheza hadi wakachoka. Aliniambia yeye na wazazi wenzetu wa kanisani ndio waliochanga, nami nikatangaza hivyo mbele ya kila mtu. Nilishinda kwa mbali.

Katika kikao cha kwanza cha bodi nilisema kampuni ile iondolewe. Tulipotoka kupumzika, meneja wake, Mkenya mwenzetu aitwaye Mureithi, alikuwa akinisubiri kwenye korido. Aliongea kwa upole.

"Mama Naliaka, punguza moto. Ile karamu niliilipia mimi. Kwani Wafula hakukuambia?"

Nilimkuta Wafula nyumbani akipiga pasi sare yake. Nilipomuuliza, hata pasi hakuiweka chini.

"Waliniahidi cheo, niwe msimamizi wa madereva," alisema. "Nilitaka na sisi tupumue kidogo."

"Na Naliaka je?"

Aliigeuza sare upande wa pili, akaendelea kupiga pasi. Baadaye alinisihi ninyamaze. Nikinyamaza, kiti kingekuwa changu na mdomo ungekuwa wa Mureithi. Nikisema, baba wa mtoto wangu angefukuzwa. Je, ndugu msomaji, wewe ungefanya nini? Nililia chooni hospitalini, nikanawa uso, nikarudi wodini. Siku nyingi zilikwenda hivyo...

Mwishowe nilisimama mbele ya wazazi nikasema yote. Kiti nilinyang'anywa papo hapo, maana masharti hayaangalii nani alijua na nani hakujua. Wengine waliniita mwizi wa kura. Akina mama niliokuwa nikienda nao kanisani waliacha kunipitia. Wafula alifutwa kazi, akarudi Bungoma. Akipiga simu humuuliza Naliaka habari za masomo, kisha hukata. Mimi hanisalimu.

Ni kweli, shule iliajiri kampuni nyingine. Nafurahi, lakini furaha yenyewe imechoka kama mimi. Jioni narudi kutoka kazini, napika chakula cha watu wawili, na mtoto ananiuliza baba atarudi lini. Nimjibu nini?

Nawaomba, msipite njia niliyopita. Ukigombea hata kiti kidogo cha shule, usiseme asante kabla hujajua unamshukuru nani. Uliza kila msaada umetoka wapi. Na anayelala kando yako, huyo muulize wa kwanza... mimi nilimuuliza wa mwisho.