Mto Hauna Sifuri

Maji ukiyavulia nguo, si lazima uyaoge, yapime kwanza. Ndivyo alivyopenda kusema fundi cherehani, kiongozi wa kikundi cha kujitolea kupima mto. Alhamisi, saa tatu asubuhi, aliitoa sahani ya vipimo akaikuta haina hata doa moja la bakteria.

"Si ndiyo vizuri?" akasema wifi yake, mwalimu wa kuogelea. "Jumamosi watoto washindane."

"Wifi, hata mto msafi una vijidudu viwili vitatu. Sifuri ni ya bomba."

Akafungua friji, akatoa chupa ya akiba ya maji yale yale. Lebo ilikuwa ya mwandiko wake: Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwenye ngazi za waogeleaji. Lakini chupa ilijaa pomoni. Yeye huacha nafasi ya kidole juu, ili maji yatikisike kabla ya kupimwa.

Ufunguo wa chumba hicho cha vipimo walikuwa nao watatu: yeye, wifi na mlinzi. Akamwita mlinzi.

"Jana uliingia humu?"

"Saa moja, kufagia. Mama, mimi hata maji ya kuoga nayakimbia, nitafuata ya chupani?"

Fundi akawapa kila mmoja chupa tupu. "Jazeni hapo bombani, kama tunavyochota mtoni."

Mlinzi, aliyewabebea chupa tangu kikundi kianze, akaacha kidole kizima. Wifi akajaza mpaka yakamlowesha mkono.

Fundi akaiweka chupa ya wifi kando ya ile ya friji. "Mapacha hawa. Mzazi wao nani, wifi?"

Wifi akakaa chini taratibu. "Nilimwaga yako yote kabla hujayapima, nikatia ya bomba. Watoto wamejifua miezi sita. Ningewaambia nini?"

"Kwamba mto unaumwa. Mwaka jana watatu walilazwa kwa kuharisha, umesahau?"

Wakachota upya. Ijumaa sahani ilijaa madoa kama upele. Fundi akabandika langoni tangazo la marufuku ya kuogelea, kisha akawaeleza wazazi kila kitu, bila kuficha jina.

Wifi akamfuata hadi kwenye cherehani. "Umeniaibisha, nami dada wa mumeo. Niombe radhi."

Fundi hakuinua mguu kwenye kanyagio.

"Tuko kumi na mmoja, hatulipwi hata nauli, na neno letu juu ya mto ule halijawahi kuwa uongo. Siombi."